Koliflawa Haitaki Maji: Mwongozo wa Kuipika Ikawa Mboga ya Kugombewa

Mtu akiniambia koliflawa haina ladha, namuuliza swali moja: uliichemsha? Mara nyingi jibu huwa ndiyo. Koliflawa mbichi yenyewe ni maji takribani asilimia 92. Ukiitumbukiza kwenye sufuria ya maji ukaiacha humo robo saa, unachokuja kukitoa ni kitu kilicholowa, kilicholegea, chenye harufu ya yai viza. Ukitia chumvi na nyanya baada ya hapo unajisumbua tu.

Nayasema haya kwa kuwa yamenikuta. Mara yangu ya kwanza kuipika ilikuwa siku mashemeji walipokuja kula kwetu Tanga. Nilichemsha dakika 20 ili iive vizuri, nikamwaga maji, nikaunga kwa kitunguu na nyanya. Nyumba nzima ikanuka. Wageni walikula wali, wakala samaki, bakuli la koliflawa likarudi jikoni kama lilivyotoka. Hakuna aliyesema neno, na afadhali wangesema.

Aliyenirekebisha ni jirani yetu, mama wa Kihindi aliyezaliwa hapo hapo Tanga, ambaye amekuwa akiipika mboga hii tangu utotoni. Alinikuta jikoni wiki chache baadaye, karai likiwa motoni.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.” Macho yake yalikuwa kwenye karai. “Haya maji yametoka humo humo au umetia wewe?”

“Nimetia mimi, kikombe kimoja tu.”

“Ya nini, mwanangu? Unapika supu?”

Akachukua mwiko, akasukuma vipande pembeni, akaniambia niongeze moto mpaka maji yakauke, kisha nitie mafuta. Tulisubiri. Mlio ukabadilika kutoka kububujika kuwa kuchachatika, na harufu nayo ikageuka, ikawa kama ya karanga zinazokaangwa. Tangu siku hiyo naisikiliza koliflawa kabla ya kuionja.

Kwa nini iko hivyo

Koliflawa, kabichi, sukuma wiki na brokoli ni mmea wa aina moja, Brassica oleracea. Wakulima wa zamani ndio walioutenga, huku wakichagua majani, kule wakichagua maua. Sehemu nyeupe tunayokula ni machipukizi ya maua yaliyosongamana kabla hayajachanua. Ukoo huu wote umebeba viambato vya salfa. Vikiguswa kidogo na moto vinatoa utamu wenye ukali kwa mbali. Vikichemshwa kwa muda mrefu vinatoa ile harufu inayowafukuza wageni, na kila dakika unayoongeza, harufu inazidi.

Jambo la pili ni joto. Maji hayapiti nyuzi 100 za Selsiasi hata uchochee vipi, na chakula hakianzi kushika ile rangi ya kahawia yenye ladha ya nyama choma na ganda la mkate mpaka uso wake ufike kama nyuzi 140. Maana yake, maadamu kuna maji ndani ya karai, koliflawa yako inachemka, haikaangiki. Kila utakachosoma hapa chini ni njia ya kuyaondoa maji au ya kuyazuia yasiingie.

Kununua na kuandaa

Ni mboga ya baridi. Kwetu Tanga inashuka kutoka Lushoto, kwenye milima ya Usambara. Arusha wanayo yao ya jirani, na Nairobi wanapata kutoka Kiambu na Nyandarua. Ikishafika pwani, joto linaimaliza haraka, kwa hiyo nenda sokoni asubuhi, na ukiona mzigo wa jana usione haya kuuliza.

Kichwa kizuri ni kizito kuliko kinavyoonekana. Kibonyeze kwa kidole gumba: kisibonyee. Majani yaliyokizunguka ndiyo yanayosema ukweli. Yakiwa mabichi na yanavunjika kwa mlio, kichwa kimekatwa karibuni. Muuzaji aliyeyakwangua majani yote huenda anapunguza uzito, au huenda anaficha umri. Rangi ya manjano kidogo isikutishe. Hiyo ni jua tu, ndiyo maana wakulima wengi huyakunja majani yakafunika kichwa kikiwa bado shambani. Madoadoa meusi machache unayakwangua kwa kisu. Kikishateleza na kunuka, achana nacho.

Kuna vichwa vingine vimelegea, uso wake uko kama wali uliotawanyika. Vimepitwa na wakati kidogo shambani. Vinalika, ila vitapukutika kwenye karai, hivyo vinafaa zaidi kwa mchuzi wa nazi kuliko kukaanga. Ukipunguziwa bei, chukua.

Nyumbani, toa majani lakini usiyatupe, nitayarudia. Kata kichwa nusu, kisha robo, uondoe kisiki cha katikati. Vimaua vichambue kwa mkono kwanza, kisu kifuate. Vikubwa vikate katikati ili kila kipande kipate upande bapa, maana upande huo ndio utakaolala kwenye chuma cha moto na kushika rangi. Ukubwa wa kidole gumba unatosha.

Loweka kwenye maji ya baridi yenye chumvi, kijiko kimoja cha chakula kwa lita, dakika 10 hadi 15. Viwavi na vidukari hupenda kujificha humo, na utawaona wakielea. Suuza, chuja.

Hatua inayofuata ndiyo wengi huiruka: kausha. Tandaza vipande juu ya kitambaa safi, viache nusu saa, upepo uvipitie. Ukiwa na haraka, vifute. Mimi huosha asubuhi, nikaviacha kwenye ungo chini ya kawa hadi mchana. Koliflawa iliyoingia kwenye mafuta ikiwa imelowa ni ile ile ya mashemeji.

Ya karai, na viazi

Hii ndiyo ya kujifunza kwanza. Ni mboga ya Kihindi iliyozoeleka katika nyumba nyingi za miji ya pwani yetu, na kila nyumba ina mkono wake. Kwa watu wanne au watano: kichwa kimoja cha wastani (kama gramu 600 kikishachambuliwa), viazi mbatata vitatu vya wastani, mafuta vijiko vinne vya chakula, kitunguu kimoja, punje nne za kitunguu saumu, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, pilipili mbichi moja au mbili, bizari nyembamba nzima (ile ya pilau) kijiko kimoja cha chai, mbegu za haradali nusu kijiko cha chai, manjano nusu kijiko, dania kavu ya kusaga kijiko kimoja, ndimu moja na fungu dogo la kotimiri. Haradali si lazima, lakini nayo ni wa ukoo huo huo wa kabichi na inaelewana na koliflawa kama ndugu.

1. Menya viazi, kata vipande vidogo kuliko vya koliflawa, kwa sababu kiazi kinachelewa kuiva. Osha, kausha.

2. Weka karai motoni likiwa tupu hadi lipate moto sawasawa, ndipo utie mafuta vijiko viwili. Tia viazi, vitandaze, usivikoroge mara kwa mara. Dakika saba au nane, vigeuze mara mbili tatu. Vikishika rangi vikiwa bado vigumu katikati, vitoe.

3. Ongeza kijiko kimoja cha mafuta. Tia nusu ya koliflawa, upande bapa ukiwa chini. Ndiyo, nusu. Ukijaza karai, mvuke unaotoka kwenye vipande vya chini unanasa chini ya vya juu na vyote vinajichemsha wenyewe. Acha dakika tatu bila kugusa. Mkono utakuwasha kutaka kukoroga, uzuie. Geuza, dakika mbili nyingine, toa. Rudia kwa nusu iliyobaki.

4. Punguza moto. Tia kijiko cha mwisho cha mafuta, kisha haradali; zikianza kuruka, tia bizari nyembamba. Sekunde chache tu, ikishanukia tia kitunguu. Kikilainika, weka tangawizi, kitunguu saumu na pilipili vilivyotwangwa. Kisha manjano na dania. Manjano huungua haraka na yakiungua yanakuwa machungu, kwa hiyo yakishachanganyika nenda hatua inayofuata.

5. Rudisha viazi na koliflawa. Tia chumvi sasa, si mapema, kwa kuwa chumvi huvuta maji nje. Geuza taratibu ili viungo vishike kila kipande. Funika, moto mdogo kabisa, dakika nne au tano. Mvuke wa mboga yenyewe unatosha kuvimalizia viazi. Ukiona vinashika chini, nyunyiza maji kwa vidole, usimimine.

6. Funua, ongeza moto dakika moja ili unyevu uliobaki ukauke. Epua. Kamulia ndimu, nyunyiza kotimiri.

Jinsi ya kujua imeiva: choma bua la kipande kwa ncha ya kisu. Kisu kiingie kwa kukazana kidogo. Kikiingia kama kwenye siagi, umechelewa.

Utaulizwa kuhusu nyanya. Wapo wanaotia, nami huweka moja siku ninayokula na chapati kavu, ila huikaanga na kitunguu mpaka maji yake yote yaishe ndipo nirudishe koliflawa. Nyanya tatu zilizokatwakatwa na kumwagwa juu zinaharibu kazi yote uliyofanya kwenye hatua ya tatu.

Kwa jiko la mkaa, hatua ya tatu ifanyike makaa yakiwa yamekolea, halafu kabla ya hatua ya nne toa makaa kadhaa au yafunike kwa majivu. Fraipeni nyembamba itaunguza chini kabla ya ndani kuiva, karai zito la chuma ni bora zaidi.

Ya nazi

Hapa wengi wanakosea kwa kuitupa koliflawa mbichi kwenye tui na kuichemsha mpaka iive. Inatoa maji yake, tui linapooza, unabaki na mchuzi mwepesi usioshika wali. Mpangilio uwe kinyume: kaanga koliflawa kwanza kama hatua ya tatu hapo juu, iweke pembeni, kisha tengeneza mchuzi peke yake.

Nazi moja ikunwe, likamuliwe tui la kwanza, kasimile, kama kikombe kimoja, na tui la pili vikombe viwili. Kaanga kitunguu, kitunguu saumu na tangawizi, tia manjano na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa. Pilipili itatoa harufu bila kuwaka. Ikipasuka, shauri yako. Mimina tui la pili, acha lichemke bila kufunikwa hadi lipungue kwa nusu. Tia koliflawa na chumvi, dakika tatu. Mwisho kasimile, moto mdogo, ukikoroga kwa upole bila kuacha. Likianza tu kutaka kuchemka, epua. Ukiliacha lichemke kwa nguvu litakatika, mafuta yatajitenga, na ingawa halina madhara kulila, macho hayatalipenda. Ndimu itiwe chini, baada ya kuepua.

Ile koliflawa iliyolegea uliyoipata kwa bei ya kutupa ndiyo mahali pake hapa. Nusu yake iponde kwa mwiko ndani ya tui, mchuzi uwe mzito. Kwa ugali ni mboga kamili. Ila siku unayopika wali wa nazi au samaki wa kupaka, pika ile ya karai. Nazi juu ya nazi inashibisha kabla hujafika katikati ya sahani.

Ya oveni, au ya makaa, na mchuzi wa ufuta

Lebanoni, Palestina na Syria koliflawa hukaangwa hadi kahawia iliyokolea na huliwa na tahini, rojo ya ufuta. Kwetu ufuta tunao, Lindi na Mtwara ni maarufu kwa zao hilo, lakini tunaokula tunaujulia zaidi kwenye kashata na mkate wa ufuta. Jaribu huku pia.

Oveni iwe nyuzi 220, na trei iwe humo ndani ikipata moto. Changanya vipande vikavu na mafuta vijiko vitatu, bizari nyembamba ya kusaga kijiko kimoja cha chai, pilipili manga na chumvi. Hapa chumvi ya mapema haina neno, kwani joto la oveni linakausha haraka kuliko chumvi inavyovuta. Tandaza kwenye trei ya moto, vipande visigusane, upande bapa chini. Dakika 25 hadi 30, ukigeuza mara moja tu baada ya dakika 15. Usiogope ncha zilizokaribia kuwa nyeusi.

Asiye na oveni akate kichwa kizima na kisiki chake vipande bapa vya unene wa sentimita mbili, kama mikate. Kutoka kichwa kimoja utapata viwili au vitatu vinavyoshikamana, vingine vitavunjika, vikaange tu. Paka mafuta, weka kwenye wavu juu ya makaa yasiyo na miali, dakika sita au saba kila upande.

Mchuzi: kaanga ufuta vijiko vinne vya chakula bila mafuta hadi ubadilike rangi kidogo. Twanga kwenye kinu na punje moja ya kitunguu saumu na chumvi hadi utoe mafuta, kisha ongeza maji ya ndimu moja na maji kidogo kidogo ukikoroga. Mwanzoni utakaza kama unga uliogoma. Usihofu, endelea kutia maji, utalainika na kuwa mweupe. Blenda ndogo inafanya kazi hiyo kwa dakika mbili, ila kwa kipimo hiki cha ufuta nyingi hazishiki kitu.

Bhajia

Hapa, kwa mara ya kwanza na pekee, naruhusu mvuke wa sufuria ya maji. Kipande kibichi ndani ya unga hakiivi vizuri kabla ganda halijaungua, kwa hiyo vipande vipitie mvuke dakika tatu kwenye chujio juu ya maji yanayochemka, kisha uvitandaze vipoe na vikauke. Unga wa dengu kikombe kimoja, unga wa mchele vijiko viwili ili ganda liwe kavu na la kuvunjika, manjano kidogo, pilipili ya unga, kitunguu saumu, chumvi. Maji kama robo tatu ya kikombe, yakitiwa polepole. Uji ushike mgongo wa kijiko bila kuteremka haraka. Mafuta yako tayari pale tone la unga linapozama kidogo na kupanda mara moja likichemka. Tia vipande vichache vichache, dakika nne hivi. Chatne ya ukwaju ndiyo mwenzake. Ile ya nazi na ndimu nayo haikataliwi.

Zile sehemu tunazotupa

Majani ya ndani, yale mabichi laini, yakate membamba na uyakaange kwa kitunguu kama sukuma wiki. Dakika tano zinatosha. Mshipa mnene wa katikati utoe, ukate vipande vidogo, utangulie kwenye mafuta. Kisiki kimenye ganda la nje, kikate vipande vyembamba sana, ukitie kwenye kachumbari na karoti, ndimu na chumvi. Kibichi kina utamu na mlio kama wa tango changa, na watoto wangu hukimaliza kabla hakijafika kwenye bakuli.

Achari ya haraka nayo hutumia masalio: vipande vidogo vya koliflawa na karoti vipitishwe kwenye maji yanayochemka dakika moja, vichujwe, vianikwe juani hadi uso ukauke. Chemsha siki kikombe kimoja, maji nusu kikombe, sukari kijiko kimoja, chumvi kijiko kimoja, mbegu za haradali na manjano, mimina juu ya vipande ndani ya chupa safi. Ikae kwenye friji, uanze kuila siku ya tatu, imalizike ndani ya wiki mbili. Si ile achari ya mafuta ya kukaa miezi. Hiyo ina taratibu zake.

Makosa mengine mawili niulizwayo kila mara

Magadi. Kuna wanaotia chembe ya magadi ili mboga ilainike upesi. Kwa koliflawa magadi yanaigeuza rangi ya manjano hafifu na kuifanya ipondeke. Ukilazimika kuichemsha, tuseme unamlisha mgonjwa au mtoto mdogo, fanya kinyume: kamulia ndimu kidogo kwenye maji, itabaki nyeupe, na uitoe mara tu kisu kinapoingia.

Kiporo. Usikipashe kwa maji wala kwa kukifunika kwenye sufuria. Weka fraipeni kavu motoni, tandaza, dakika tatu bila kukoroga, nusu ya ukavu wake itarudi. Mimi huvunjia mayai mawili juu asubuhi, nikala na mkate.